Mtwa Mkwawa wa Uhehe

1. Njia ya kwenda Uhehe

Ndugu msomaji, barabara kubwa inayopita katika mji wetu wa Babati ni ndefu sana. Ukiifuata kwenda kusini utapita Bereko, Kolo na Kondoa. Halafu utafika Dodoma. Ukiendelea mbele utavuka mto Ruaha Mkuu penye bwawa la Mtera. Baada ya hapo barabara hupanda milima, nawe utaingia Iringa. Hapo umefika katika nchi ya Wahehe.

Nchi hiyo ina milima, majabali makubwa na mabonde mazuri ya kulima. Wahehe ni wakulima na wafugaji. Zamani walijenga nyumba za tembe, zenye paa la udongo, kama tembe walizojenga wazee wetu huku kwetu. Walikuwa na ng'ombe wengi. Walipigana kwa mikuki na ngao, na baadaye kwa bunduki pia.

Katika nchi hiyo alitawala mtu ambaye jina lake linajulikana Tanzania nzima. Mtu huyo ni Mkwawa. Wahehe walimwita Mtwa, maana yake mtawala mkuu. Ni sawa na jina la mtemi kwa makabila mengine.

Mkwawa alikuwa na kuta mbili za kumlinda. Ukuta wa kwanza ulikuwa wa mawe na udongo. Ukuta wa pili ulikuwa watu wake. Katika habari hii tutaona ni ukuta upi uliodumu zaidi.

2. Baba yake Mkwawa

Zamani Wahehe hawakuwa chini ya mtawala mmoja. Kila bonde na kila mlima ulikuwa na mtwa wake mdogo. Watwa hao walipigana mara kwa mara. Adui akitoka nje, kila mmoja alijitetea peke yake.

Katikati ya karne ya 19 alitokea mtwa aliyeitwa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Munyigumba alianza kuwaunganisha Wahehe. Wengine aliwashinda kwa vita. Wengine aliwavuta kwa kuoana nao. Hivyo watu waliokuwa wadogo wadogo wakawa kabila moja lenye nguvu.

Mkwawa alikuwa mtoto wa Munyigumba. Alizaliwa karibu na mwaka 1855 mahali panapoitwa Luhota, katika Iringa. Jina lake refu lilikuwa Mkwavinyika. Maana yake ni mtu anayeziteka nchi nyingi. Watu walilifupisha wakasema Mkwawa.

3. Ugomvi wa kiti

Munyigumba alifariki karibu na mwaka 1879. Kifo chake kilileta fujo kubwa. Jambo hili limetokea katika tawala nyingi. Baba hujenga kwa miaka mingi, naye akifa watu hugombea kiti.

Mtu aliyetaka kiti hicho aliitwa Mwambambe. Alikuwa mkwe wa Munyigumba, na alikuwa hodari wa vita. Munyigumba alimwamini sana. Lakini mzee alipokufa, Mwambambe alitaka kutawala yeye mwenyewe. Mkwawa alikuwa kijana bado. Ikambidi akimbie nchi yake, akaenda kukaa Ugogo.

Mkwawa hakukaa huko muda mrefu. Watu wa baba yake walimtaka arudi, naye akarudi. Vita vikali vikapiganwa kati ya pande mbili za Wahehe. Mwishoni Mwambambe aliuawa. Mahali pa vita hivyo panaitwa Lundamatwe. Wahehe husimulia kwamba jina hilo lina maana ya rundo la vichwa. Hapo waliokufa walikuwa wengi sana, na wote walikuwa ndugu.

Hivyo ndivyo Mkwawa alivyopata utawala. Alijifunza mapema kwamba nchi iliyogawanyika inaweza kumfukuza hata mtoto wa mtawala.

4. Nchi inakuwa kubwa

Kazi ya kwanza ya Mkwawa ilikuwa kuilinda nchi. Upande wa kusini walikuwako Wangoni, watu hodari sana wa vita. Wahehe na Wangoni walipigana kwa miaka kadhaa, mpaka kama mwaka 1882. Hakuna upande ulioweza kuumaliza upande wa pili. Mwishowe waliacha kupigana. Upande wa magharibi walikuwako Wasangu wa mtawala Merere. Hao walishindwa na Wahehe, wakasukumwa mbali na nchi yao.

Mkwawa aliigawa nchi yake katika sehemu nyingi. Kila sehemu aliiweka chini ya msimamizi wake. Wasimamizi hao waliitwa wanzagila. Kazi yao ilikuwa kuamua kesi, kukusanya watu wakati wa vita, na kumpelekea Mtwa habari. Vijana walifundishwa vita tangu wakiwa wadogo. Tarumbeta ya vita ilipolia, kila mwanamume mwenye nguvu alichukua mkuki wake akatoka.

Wakati huo misafara ya biashara ilipita kati ya pwani na bara. Ilibeba nguo, shanga, baruti na bunduki kwenda bara. Ilirudi na pembe za ndovu, na pia watumwa. Watawala wa njiani walitoza msafara ushuru. Ushuru huo uliitwa hongo. Siku hizi neno hongo lina maana ya rushwa, lakini zamani lilikuwa malipo ya wazi ya kupita katika nchi ya mtu. Mkwawa naye alitoza hongo. Watu wake pia walishambulia misafara na kuchukua mali.

Ni lazima tuseme ukweli wote. Majeshi ya Mkwawa yalifika mpaka Ugogo na Usagara. Yaliteka ng'ombe, na yaliteka watu. Mkwawa mwenyewe alikuwa mkali, na aliyemkosea aliadhibiwa vikali. Kwa hiyo majirani wengi walimwogopa, na baadhi yao walimchukia. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana baadaye lilimdhuru.

5. Ukuta wa Kalenga

Makao makuu ya Mkwawa yalikuwa Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo. Kutoka mjini Iringa leo ni mwendo wa kilometa 15 hivi. Hapo Mkwawa aliamua kujenga ngome, akaiita Lipuli. Lipuli kwa Kihehe ni ndovu mkubwa.

Kazi hiyo ilichukua miaka. Watu walitoka sehemu zote za Uhehe kuja kujenga. Walibeba mawe, wakakanda udongo, wakaupandisha ukuta. Ulipokwisha, ukuta ulizunguka mji kwa urefu wa zaidi ya kilometa 3. Mahali pengine kimo chake kilikuwa kama watu wawili, mmoja akisimama juu ya mabega ya mwenzake. Ndani yake zilikuwako nyumba za Mtwa, nyumba za watu wake, na ghala za baruti na pembe za ndovu.

Katika sehemu hizi za bara hapakuwa na ngome nyingi kama hiyo. Mtu aliyeuona ukuta ule aliamini kwamba hakuna jeshi litakaloweza kuupita. Wahehe nao waliamini hivyo.

6. Wajerumani wanafika

Mwaka 1885 Serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba sehemu za nchi yetu zimo chini ya ulinzi wake. Wananchi hawakuulizwa. Kwanza nchi ilisimamiwa na kampuni ya Wajerumani. Mwaka 1888 watu wa pwani walikataa. Walipigana wakiongozwa na Abushiri wa Pangani, na Bwana Heri wa Saadani. Abushiri alikamatwa, akanyongwa mwaka 1889. Mwaka 1891 Serikali ya Ujerumani iliichukua nchi kutoka kwa kampuni, ikaanza kutawala yenyewe.

Sasa Wajerumani walitaka njia za bara ziwe mikononi mwao. Walitaka wao ndio watoze ushuru. Mkwawa naye hakuwa tayari kumwachia mgeni nchi yake. Watawala wawili hawawezi kukaa katika kiti kimoja. Vita vikawa karibu.

Katikati ya mwaka 1891 Wajerumani walipeleka jeshi Uhehe. Mkuu wa jeshi hilo aliitwa Emil von Zelewski. Watu wa pwani walimfahamu tangu alipokuwa Pangani, wakampa jina la Nyundo kwa sababu ya ukali wake. Nyundo alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 300, maofisa Wazungu, wapagazi, bunduki za kisasa na mizinga. Njiani alichoma vijiji.

Wahehe husimulia kwamba Mkwawa alituma wajumbe kwenda kuzungumza na wageni hao, na kwamba wajumbe walipigwa risasi. Baada ya hapo Mkwawa aliona kwamba hakuna la kuzungumza tena.

7. Vita vya Lugalo

Mkwawa hakumsubiri Nyundo ndani ya ukuta wa Kalenga. Aliwapeleka wapiganaji kama 3,000 wakamngojee njiani. Uongozi alimpa ndugu yake aliyeitwa Mpangile.

Mahali walipochagua panaitwa Lugalo, mashariki ya Iringa. Njia hapo ilipita kwenye vichaka na majabali. Jeshi la Wajerumani lilitembea kwa mstari mmoja mrefu. Mizinga ilikuwa imefungwa juu ya punda. Askari wengi hawakuwa tayari kwa vita, kwa maana hawakumwona adui.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891. Wahehe walikuwa wamelala chini katika majani, kimya kabisa. Jeshi la Nyundo lilipofika katikati yao, mlio wa bunduki ulisikika. Ndiyo ilikuwa ishara. Maelfu ya Wahehe waliinuka mara moja na mikuki yao, wakawavamia.

Mizinga haikupata nafasi ya kupigwa. Bunduki ndefu hazikufaa, kwa kuwa adui alikuwa mkono kwa mkono. Katika muda wa dakika chache jeshi lilivunjika. Nyundo mwenyewe alichomwa mkuki na kijana wa Kihehe, akafa. Wazungu 10 waliuawa siku ile, pamoja na askari na wapagazi wengi. Walionusurika ni wachache, wakarudi pwani kwa taabu. Wahehe walichukua bunduki 300 hivi na mizinga 3.

Wahehe wengi pia walikufa pale Lugalo, na wengine walikufa baadaye kwa majeraha. Ushindi ule ulilipwa kwa damu. Lakini habari zake zilifika mpaka Ujerumani, nazo ziliwashtua sana watu wa huko.

Kwa nini Wahehe walishinda? Hawakushinda kwa silaha, kwa kuwa Wajerumani walikuwa na silaha bora. Walishinda kwa sababu waliijua nchi yao, walisikilizana, na walimpiga adui mahali ambapo silaha zake hazikuwa na kazi.

8. Ukuta unaanguka

Baada ya Lugalo, Mkwawa alijaribu kupatana na Wajerumani, lakini pande mbili hazikukubaliana. Wajerumani walijenga vituo vyao kuizunguka Uhehe. Mwaka 1892 Wahehe walikivamia kituo kimoja mahali panapoitwa Kondoa. Hii si Kondoa Irangi, jirani yetu. Ni Kondoa nyingine iliyo karibu na Kilosa.

Wajerumani walijiandaa kwa miaka mitatu. Mwaka 1894 Gavana Friedrich von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa na mizinga. Safari hii Wajerumani walikuwa waangalifu. Walijua habari za Lugalo.

Na safari hii Mkwawa alifanya jambo tofauti. Hakwenda kuwavizia njiani. Aliutumaini ukuta wa Kalenga, akawangojea ndani.

Mwishoni mwa Oktoba 1894 Wajerumani walifika Kalenga, wakaanza kuupiga mji kwa mizinga. Ukuta ulikuwa mrefu mno, na watu wa kuulinda kila mahali hawakutosha. Tarehe 30 Oktoba askari walipanda ukuta wakaingia ndani. Watu walipigana nyumba kwa nyumba. Wahehe wengi waliuawa, na wengine waliungua katika nyumba zilizochomwa moto. Wanawake na watoto wengi walitekwa. Pembe za ndovu, ng'ombe na baruti vilichukuliwa. Mizinga mitatu ya Lugalo haikuuokoa mji.

Ukuta uliojengwa kwa miaka mingi ulianguka katika siku chache tu. Lakini Mkwawa mwenyewe hakupatikana. Alikuwa ametoroka na baadhi ya watu wake, akaingia porini.

9. Ukuta wa watu

Wajerumani walidhani vita vimekwisha. Kumbe vilikuwa vimeanza upya.

Kwa karibu miaka minne Mkwawa aliishi mafichoni. Leo alikuwa mlimani, kesho bondeni, keshokutwa penye mapango. Watu wake walishambulia doria za Wajerumani na kutoweka. Hapakuwa na ukuta wa kupigwa kwa mizinga tena. Ukuta wa Mkwawa sasa ulikuwa mama aliyeweka unga mahali pa siri usiku. Ulikuwa mchungaji aliyeona askari mbali akapeleka habari. Ulikuwa mzee aliyeulizwa njia akaonyesha njia nyingine.

Mwaka 1896 ofisa aliyeitwa Tom von Prince alijenga kituo kikubwa, nacho ndicho mwanzo wa mji wa Iringa wa leo. Prince alitumia njia nyingi za kuuvunja ukuta huo wa watu.

Njia ya kwanza ilikuwa kuwagawanya Wahehe. Alimchukua Mpangile, yule ndugu yake Mkwawa aliyeongoza vita vya Lugalo, akamfanya mtwa mwezi wa Desemba 1896. Alitaka watu wamfuate Mpangile wamwache Mkwawa. Lakini Wajerumani walianza kumshuku Mpangile kwamba anamsaidia ndugu yake kwa siri. Mwezi wa Februari 1897 walimnyonga. Mpangile alikuwa amekaa katika kiti hicho kwa miezi miwili tu.

Njia ya pili ilikuwa kuwatumia majirani. Hapa yale makosa ya zamani yalirudi. Merere wa Usangu alikuwa amenyang'anywa nchi yake na Wahehe. Wajerumani walimrudishia, naye akawa upande wao. Watu walioporwa zamani na majeshi ya Mkwawa hawakuwa na sababu ya kumwokoa.

Njia ya tatu ilikuwa njaa. Vijiji vilichomwa moto, chakula kilichukuliwa, na ng'ombe walitekwa. Aliyeshukiwa kwamba anampa Mkwawa chakula aliadhibiwa, na wengine waliuawa.

Njia ya nne ilikuwa fedha. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Hebu tupime ukubwa wa fedha hizo. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Nyumba moja ya kijijini ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Basi rupia 5,000 zingelipa kodi ya nyumba zaidi ya 1,600. Kwa mtu mwenye njaa ambaye nyumba yake imechomwa, huo ulikuwa utajiri usiosemeka.

Polepole baadhi ya wanzagila walichoka, wakajisalimisha. Hatuwezi kuwalaumu upesi. Watoto wao walikuwa wanakufa kwa njaa. Hata hivyo, mwezi baada ya mwezi Mkwawa aliendelea kupata chakula, na aliendelea kupata habari. Wako watu waliokuwa na njaa, nao wakagawana naye kidogo walichokuwa nacho. Majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote.

10. Kifo cha Mlambalasi

Katikati ya mwaka 1898 Mkwawa alikuwa amebaki na watu wachache sana. Alikuwa mgonjwa na amechoka. Askari walikuwa wanamfuata karibu karibu.

Mwezi wa Julai kikosi cha Sajini Merkl kilipata nyayo zake. Kikosi hicho kilimkamata kijana aliyekuwa akifuatana na Mkwawa, kikamlazimisha kuwaonyesha njia. Wakafika mahali penye majabali panapoitwa Mlambalasi, kilometa 50 hivi kutoka Iringa.

Ilikuwa tarehe 19 Julai 1898. Askari waliona watu wawili wamelala chini. Wakawapiga risasi kwa mbali. Walipokaribia waliona kwamba wote wawili walikuwa maiti tayari. Mkwawa alikuwa amejiua kwa bunduki yake mwenyewe. Hakutaka kukamatwa akiwa hai, afungwe minyororo na kutembezwa mbele ya watu.

Wajerumani waliukata mwili wa Mkwawa kichwa, wakakipeleka kituoni Iringa kuwa ushahidi. Mwili wake ulizikwa Mlambalasi, na kaburi lake liko huko mpaka leo. Baadaye fuvu la kichwa lilipelekwa Ujerumani.

11. Safari ya fuvu

Kwa Wahehe jambo hilo lilikuwa msiba usiokwisha. Mtu akizikwa bila kichwa chake, mazishi hayajakamilika. Wazee walikumbuka, nao waliwasimulia watoto wao.

Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ya dunia ilianza, na Wajerumani wakashindwa. Mwaka 1919 mataifa yalitia sahihi mkataba wa amani huko Versailles, Ufaransa. Kifungu cha 246 cha mkataba huo kilisema kwamba Ujerumani iirudishe fuvu la Mtwa Mkwawa katika muda wa miezi sita. Mataifa makubwa ya dunia yaliandika jina la mtwa wa Uhehe katika mkataba wa kumaliza vita kuu!

Lakini fuvu halikurudi. Wajerumani walisema hawajui lilipo. Miaka ikapita, vita kuu ya pili ikaja ikaisha.

Mwaka 1953 Gavana Mwingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Bremen, Ujerumani. Huko alikuta mafuvu kama 2,000 yamepangwa. Mengine yalikuwa yametoka Afrika Mashariki. Wataalamu walikuwa wamepima vichwa vya ndugu zake Mkwawa. Kwa vipimo hivyo, na kwa alama ya risasi, fuvu moja lilichaguliwa kuwa ndilo lake.

Tarehe 19 Juni 1954 watu wengi walikusanyika Kalenga, na fuvu likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Tangu alipokufa babu yake ilikuwa imepita miaka karibu 56. Fuvu hilo limewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Kalenga, pale pale ukuta wa mawe ulipokuwa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa nchini, lakini kumbukumbu ya Mkwawa haikufutwa. Mjini Iringa kiko chuo kikuu kishiriki chenye jina lake. Jina la Lugalo limepewa kambi kubwa ya jeshi mjini Dar es Salaam.

Habari hii haijafika mwisho. Mafuvu ya watu wengine wa nchi yetu yamebaki Ujerumani. Moshi, watu wa ukoo wa Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, wamekuwa wakitafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwa mambo waliyotendewa wananchi wakati wa ukoloni. Wanaodai wapendwa wao warudishwe wanaitaja habari ya Mkwawa. Inaonyesha kwamba mtu aliyekwenda mbali hivyo anaweza kurudi nyumbani.

12. Tunajifunza nini

Wazee walisema kwamba mtu ni watu. Maisha ya Mkwawa yanatuonyesha maana ya maneno hayo.

Ukuta wa mawe ulimlinda kwa siku chache. Watu walimlinda kwa karibu miaka minne, wakiwa na njaa, huku zawadi ya rupia 5,000 ikitangazwa. Baada ya kufa kwake watu wale wale, na watoto wao, walimkumbuka kwa miaka 56 mpaka fuvu lake likarudi.

Lakini ukuta wa watu nao ulikuwa na pengo. Pengo hilo lilikuwa majirani. Mkwawa aliwaunganisha Wahehe, lakini hakuwaunganisha Wahehe na Wasangu, wala na Wagogo, wala na Wasagara. Mgeni aliliona pengo hilo, akapita hapo.

Babati yetu ina Wagorowa, Wairaki, Wabarbaig, Warangi, Wambugwe na wengine wengi. Kila kabila lina mashujaa wake. Wazee wanaokumbuka habari zao wanapungua kila mwaka. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Nenda kwa mzee wa kijiji chako, umwulize, uandike.

Miaka ya kukumbuka

1855 hivi: Mkwawa anazaliwa Luhota.
1879 hivi: Munyigumba anafariki.
1891: Vita vya Lugalo, tarehe 17 Agosti.
1894: Kalenga inaanguka, tarehe 30 Oktoba.
1898: Mkwawa anakufa Mlambalasi, tarehe 19 Julai.
1919: Mkataba wa Versailles.
1954: Fuvu linarudi Kalenga, tarehe 19 Juni.

Maana ya maneno

baruti: unga unaolipuka, unaotiwa katika bunduki
doria: askari wanaozunguka kulinda au kutafuta adui
fuvu: mfupa wa kichwa
kuvizia: kumngojea mtu kwa kujificha
makumbusho: nyumba ya kuweka vitu vya zamani
mpagazi: mtu anayebeba mizigo ya msafara
rupia: fedha iliyotumika zamani katika nchi yetu

Maswali ya kujadili darasani

1. Munyigumba aliwaunganisha Wahehe kwa njia gani mbili?
2. Lugalo Mkwawa alimfuata adui njiani. Kalenga alimngojea ndani. Tofauti hiyo ilileta matokeo gani?
3. Kwa nini Merere wa Usangu aliwasaidia Wajerumani? Wewe ungekuwa Merere ungefanyaje?
4. Baadhi ya wanzagila walijisalimisha wakati wa njaa. Je, walifanya kosa? Toeni sababu.
5. Hesabu: Kama kodi ya nyumba moja ilikuwa rupia 3, nyumba 40 zililipa rupia ngapi?
6. Andika sentensi tano juu ya mtu mashuhuri wa zamani wa kijiji chako.